Mabuti Ambayo Tantine Alimshonea Farasi

Mnisamehe kwanza mwandiko. Herufi zangu zinalala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na maneno mengine nayaandika jinsi ninavyoyasikia, maana shule niliiachia darasa la sita. Ninaandika polepole. Ukurasa mmoja unanila asubuhi nzima. Lakini wiki iliyopita nililetewa mfuko kutoka Lilongwe, na ndani yake mlikuwa na mabuti mawili ya farasi, nikajua kwamba Mvula, farasi aliyeyavaa, amekufa. Tantine Riziki, aliyenilea na aliyeyashona, sasa yuko nchi ya baridi, alikopelekwa na ndege pamoja na wengine waliopata nafasi ya kuondoka hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi. Nilitaka kumpigia simu. Niliishika simu, nikaiweka chini. Kwenye simu mimi sijui kusema, hata salamu zinanikauka mdomoni, na anwani ya barua sina. Kwa hiyo naandika, na kwa kuwa nimeshaanza, acha niandike mwaka wote ule nilipokuwa na miaka kumi na saba.

Mwaka ule ulianza barazani kwetu, penye mashini ya Tantine ya kushonea. Alikuwa akishona sare za korali ya kanisa, kitenge cha zambarau chenye kola nyeupe, na mimi nilikuwa chini mkekani nikipindia mikono ya nguo, kazi niliyoipenda kwa sababu haidai maneno. Akaja mama mmoja mrefu, mzee, amevaa buti za mpira mpaka magotini wakati hakukuwa na tone la mvua. Ni Mai Gondwe. Alikuwa muuguzi zamani, na alipostaafu akafungua mahali pa kufundishia watoto kupanda farasi, pembeni mwa Lilongwe. Kwao ni Karonga, karibu na mpaka wa Tanzania, kwa hiyo Kiswahili alikijua. Aliambiwa mjini Dowa kwamba mafundi wa Dzaleka wanashona kitu chochote, akaleta kitambaa kinene kilichochanika, kile kinachowekwa chini ya tandiko. Tantine akanipa mimi. Mai Gondwe akasimama akinitazama mpaka nikachoma sindano kwenye kidole.

"Huyu binti haongei?" akauliza.

"Anaongeaka," Tantine akajibu bila kuinua macho. "Anaongeaka na bitambaa. Na bantu, bado."

Mai Gondwe akacheka. Akasema farasi wake nao hawapendi makelele, na kwamba alikuwa anatafuta mtu mwenye mikono ya taratibu wa kukaa kule, kufua na kurekebisha vitu vya farasi na kuwahudumia. Jirani yetu Mama Byaombe, aliyekuwa akimenya mihogo, hakuweza kunyamaza.

"Farasi? Mi naisikiaka kwa mahubiri tu. Iko na mapembe?"

"Haina, mama," Mai Gondwe akajibu.

"Sasa inapiganaka na nini?"

Nilikwenda. Chumba changu kule kilikuwa kando ya ghala la chakula cha farasi, ng'ambo ya mtaa wa Area 18, mahali ambapo nyumba zinakwisha na mashamba ya mahindi yanaanza. Ukuta mmoja ulinukia pumba, wa pili ulinukia ngozi na mafuta ya kupakia matandiko. Nilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, na kidirisha kisicho na kioo. Kila asubuhi farasi mmoja wa kijivu aliingiza pua kwenye kidirisha hicho na kunipulizia hewa ya moto usoni mpaka niamke. Ndiye Mvula. Alikuwa jike, mzee kidogo, mpole, na ndiye aliyewabeba watoto wadogo wanaoanza kujifunza, wale wanaolia wakiona ardhi iko mbali. Hadi leo nikiamka kabla ya wengine nageuza uso kwanza upande wa dirisha. Mchana tulikula nsima, ugali wao, na usipa, ambao ni ndagala zetu tu, dagaa, zimebadilisha jina, tumekaa juu ya magunia pamoja na Bambo Zimba, mtunza farasi mkuu. Yeye alisema Kichewa, na mimi nilimwelewa kidogo kidogo, tonge kwa tonge. "Kula, wewe Mkongo," alikuwa akiniambia. "Farasi akiona mkono mwembamba hivyo anafikiri ni nyasi." Nilicheka ndani ya kikombe. Alizoea kuniuliza jambo na kujijibu mwenyewe, akiigiza sauti yangu, ndogo kama ya panya, na sikuchukia.

Kazi niliyopewa ilikuwa ya miguu. Niwaeleze, kwa sababu hata mimi sikujua. Mabuti ya farasi siyo viatu. Kiatu chake ni chuma, kinapigiliwa kwenye kwato. Buti ni kitu kinachofungwa mguuni, chini ya goti, ili farasi asijiumize anapokimbia, maana mguu ule hauna nyama ya kuukinga, ni ngozi, kano na mfupa. Kulikuwa na sanduku limejaa: mengine magumu upande mmoja, mengine ya mpira yenye umbo la kengele, ya kukinga kisigino kisikanyagwe na mguu wa nyuma, na bandeji ndefu zilizokunjwa kama mikate. Siku ya kwanza nilichukua yale mazuri zaidi nikataka kumfunga Mvula. Mai Gondwe akanizuia mkono.

"Kwanza kaa chini umwangalie anavyotembea. Hujui bado anaumia wapi, utamvalisha nini?"

Tukakaa kwenye vumbi. Akamwagiza Bambo Zimba akoroge unga wa mahindi na maji kidogo, ampake Mvula kwenye kwato zote, upande wa ndani. Bambo Zimba akanung'unika kwamba sasa farasi wanapakwa chakula cha watu. Mvula akainama kutaka kuulamba mguu wake mwenyewe, na Zimba akapiga kelele, "Ona! Anajila!" Kisha akamwendesha, kwenda na kurudi, kutembea na halafu kukimbia polepole. Alipomrudisha, kulikuwa na alama nyeupe kwenye mguu wa mbele wa kushoto, ndani, penye kifundo, juu kabisa ya kovu la zamani lililokuwa likifunguka na kutoa damu. Mguu wa kulia ulikuwa unaupiga wa kushoto. Tulimwendesha tena, na alama nyingine ndogo ikatokea mguu wa pili, mahali palepale. Miguu ya nyuma ilikuwa safi. "Basi miguu ya nyuma tunaiacha wazi," Mai Gondwe akasema. "Bandeji pia simfungi kwenye mazoezi. Ukiikaza sana unamnyonga kano, ukiilegeza inafunguka na mtoto yuko juu." Alisema hivyo kwa sauti ya wodini, ya mtu aliyefunga miguu mingi ya watu. Anachohitaji Mvula, alisema, ni kitu chepesi chenye ugumu penye kifundo tu. Lakini yaliyokuwa sandukuni yalikuwa yamepasuka au yalikuwa makubwa, yanazunguka kwenye mguu wake mwembamba kama soksi ya baba kwa mtoto.

Nilikuwa ghalani nikipima pumba niliposikia sauti ya mwanamume nje. Alikuwa amekuja kuchukua punda mmoja mzee, na alikuwa akimtazama Mvula.

"Huyu amechoka, Mai. Nimchukue pamoja."

"Anafanya kazi bado."

"Na kile kidonda? Watoto wa watu wanaona damu, wazazi watakukimbia."

Nikamsikia Mai Gondwe akisema, "Ngoja mvua ziishe. Kikifunguka tena, njoo na gari." Jioni nilimuuliza Bambo Zimba mtu yule anawapeleka wapi. Lilikuwa swali langu la kwanza kwake, na safari hii hakuigiza sauti yangu. "Usiulize, mwana," akasema. "Kule hakuna anayempanda farasi."

Nilichukua uzi nikaupima mguu wa Mvula, nikafunga fundo penye kila kipimo: chini ya goti, katikati, penye kifundo. Nikampelekea Tantine. Alifurahi mpaka akaacha sare za korali zikingoja. Naona bado alivyofanya kazi ile. Alikunjua blanketi la kijivu, lile tunalogawiwa hapa kambini, la kwake mwenyewe, akalikata bila kusitasita. Alilikunja mara mbili likawa nene, na nje akavisha mabaki ya kile kitenge cha zambarau. Kwao Fizi, kule Kongo, aliniambia, mtu akivunjika mguu, fundi wa mifupa anamfunga vitambaa juu ya vitambaa na anakaa karibu na moto hadi apone. "Mguu ya mgonjwa inatakaka joto," alisema. "Hata ya nyama kama farasi. Haina tofauti." Alikuwa akijaribisha kila buti kwenye mkono wangu, akiupapasa kama anavyopapasa bega la mteja. Alishona manne, na nilipomwambia miguu ya nyuma haihitaji, akaniangalia kwa huruma. "Utavalisha mutoto kiatu moja?" Wanakorali waliopita walitambua kitenge chao.

"Ee! Farasi imeingia korali!" Mama Byaombe akasema. "Sasa inaimbaka sauti gani?"

"Sauti ya kwanza," Tantine akajibu. "Na haichelewake mazoezi kama we."

Mai Gondwe alipoyaona alisema zikomo, yaani asante, akayageuza, akayabonyeza. Nadhani alijua hayatadumu. Lakini alinitazama nilivyosimama nimeyashikilia kama mtu ameshika sahani ya wageni, akasema tujaribu, ya mbele tu. Na kwa kiangazi kile kilichobaki yalifaa. Kidonda hakikufunguka. Watoto walimwita Mvula malkia. Kisha mvua zikaja, udongo ukawa mwekundu na mzito, na blanketi likanywa maji. Buti moja lililolowa lilikuwa zito kama mtoto aliyelala. Mchanga uliingia ndani na haukutoka. Asubuhi moja Mvula hakuja dirishani. Nilimkuta amesimama pembeni, nikamgusa miguu, na ilikuwa na moto kama paji la mtoto mwenye homa. Manyoya yamesuguliwa, ngozi imekuwa nyekundu, na kwenye kano kuna uvimbe laini. Alinitazama na akaniachia mguu wake mkononi, kama kawaida, hakuuvuta. Hilo ndilo lililoniliza.

Mai Gondwe alimwagia maji baridi kwa bomba, muda mrefu, akiimba kidogo. Alisema atapona akipumzika, lakini bila kinga hawezi kufanya kazi, na mvua zilikuwa bado nyingi mbele yetu, na yule mtu mwenye gari alikuwa ameshapiga simu kuuliza. Halafu akasema, "Tantine wako hana budi kujua. Kama unaogopa, nitamwambia mimi."

Niliogopa. Tantine ndiye aliyenilisha, na blanketi lile lilikuwa lake, na usiku wa Dzaleka wakati wa mvua una baridi. Sikuwahi kumwambia hata kwamba chumvi imezidi. Lakini nilifikiri sauti ya Mai Gondwe ikimwambia yeye, fundi, mbele ya majirani, nikasema, "Nitaenda."

Nilifika Jumamosi. Alikuwa penye mashini, sombe, majani ya mihogo, iko jikoni inachemka.

"Mvula anavaa?" akaniuliza.

"Anavaa."

"Anapenda?"

Nilikuwa na buti moja ndani ya mfuko. Nikalitoa, nikalichovya kwenye ndoo mpaka likajaa, nikalisugua ndani kwa udongo wa uwanjani, na nikapiga magoti mbele yake nikalifunga kwenye mkono wake, kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko.

"We Wivine, iko unafanya nini?"

"Naomba, Tantine. Shona tu."

Aliniangalia. Akashona. Mkono ukaenda na kurudi, ukaenda na kurudi, na maji mekundu yakamchuruzika kwenye meza. Mama Byaombe alikuja akauliza kama kuna mtu amevunjika, Tantine akamwambia, "Nyamaza kwanza," naye akanyamaza. Sombe ilipoiva, nilimfungua. Ngozi ya mkono wake ilikuwa imelainika na kukunjamana kama ya mtu aliyefua siku nzima, na penye mshono, ule mshono mzuri wa ndani aliouficha kama kwenye nguo ya watu, kulikuwa na mstari mwekundu. Aliupuliza. Aliupuliza tena. Kisha akakaa na mikono juu ya magoti, na mimi sikujua niweke wapi macho.

"Mi nilifikiri namufunika," akasema taratibu.

"Ulimfunika, Tantine."

"Mvula hakukupiga teke?"

"Hakunipiga."

"Mi ningekupiga." Na akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akajifuta machozi kwa kitenge, akanivuta kichwa changu mapajani kwake, tukakaa hivyo mpaka Mama Byaombe akaenda mwenyewe kuepua sombe isiungue.

Baada ya kula aliniambia, "Sasa ongea. Anajipigaka wapi? Onyesha." Sijawahi kuongea kama siku ile. Nilisimama uwanjani nikatembea jinsi Mvula anavyotembea, vidole nje, kifundo kikigongwa, na watoto wa jirani walinicheka na sikukimbia. Kila niliponyamaza Tantine alisema, "Endelea." Nilimwambia kwamba kinachokuja mguuni ni pigo, si baridi, na kwamba farasi anapokimbia joto linatoka mwenyewe ndani ya mguu na linataka njia. Alisikiliza huku akitazama huku na huku barazani, na macho yake yakatua kwenye kidumu cha njano cha mafuta ya kupikia kilichopasuka chini. Alikikata kwa kisu cha moto. Vipande viwili, umbo la kiganja, akavisugua kingo kwenye jiwe mpaka visiweze kukata hata karatasi. Ndani akaweka jezi ya zamani ya mpira wa miguu, yenye matundu, inayokauka upesi. Nje, turubai la begi la shule, lililokatwa dirisha penye kifundo ili njano ibaki wazi ipokee pigo, na mikanda ya begi hilohilo na vifungio vyake. Mishono yote akaitoa nje, iliyo mibaya kuonekana, akisema, "Mungu anisamehe, naonekana kama fundi ya magunia." Nilimwambia pia kwamba la kushoto na la kulia yasifanane, vifungo vikae upande wa nje, mbali na kwato inayopiga. "Hiyo najua," akasema. "Hata shati iko na mukono mbili." Mabaki ya blanketi aliyaunga tena, na alilala chini ya blanketi hilo lenye viraka vya zambarau mpaka alipoondoka hapa.

Alikuja mwenyewe Lilongwe kumvalisha. Mvula alikuwa amepumzika na uvimbe umeshuka. Tantine hakuwahi kumgusa farasi. Alisimama mbali kidogo, amevaa nguo yake ya kanisa, futi ya kupimia shingoni, akamwangalia, na alichosema ni, "Aksanti Mungu, ni mukubwa hivi na ana miguu ya kasichana." Kisha akainama, akamshika. Mai Gondwe aliyabonyeza mabuti, akaingiza kidole kimoja kati ya mkanda na mguu, kikaingia, hakikucheza. Akatazama kidumu, akasema, "Tantine, haya ni mepesi kuliko yangu yote." Bambo Zimba alikoroga unga bila kuagizwa. Mtoto mmoja akapandishwa, Mvula akatembea, akakimbia kwenye matope, na aliporudi alama nyeupe zilikuwa kwenye njano, zote, na tulipomfungua miguu ilikuwa mikavu na ya baridi, haina kitu. Tantine aliigusa kwa nyuma ya kiganja, kama anavyogusa shavu langu nikiumwa. Tukayafua mabuti, tukayaanika, na hiyo ikawa kazi yangu kila siku: kuvalisha akitoka, kuvua akirudi, kumwosha na kumkausha.

Mvua zilipoisha yule mtu alikuja na gari. Nilijificha ghalani. Nilisikia Mai Gondwe akimwambia, "Umechelewa, ana wanafunzi," na gari likaondoka tupu, likigongagonga kwenye mashimo. Nikamsikia na Zimba, akiigiza sauti yangu ya panya, akisema, "Asante sana kwa kuja," mpaka nikatoka na nikacheka mbele yao. Mwaka wangu kule uliishia hapo, kwa sababu Tantine alipata nafasi yake ya safari na nilitakiwa kurudi kukaa naye siku zilizobaki na kujifunza mashini. Sasa mashini ni yangu. Nashona sare za korali ileile, na Mama Byaombe bado ananikosoa kola.

Mabuti yapo hapa mezani ninapoandika. Jezi ya ndani imelegea na ina manyoya ya kijivu ambayo hayatoki, na siyatoi. Ndani ya mkanda mmoja, mahali ambapo mtu haoni, Tantine alishonea kipande cha zambarau kidogo kama kucha, na hakuniambia. Lakini ninachotazama zaidi ni kidumu. Njano yote imejaa mikwaruzo, mingine ya kina, mingine kama nywele, moja juu ya nyingine, ya miaka yote ile. Kila mkwaruzo ni pigo ambalo halikumfikia Mvula. Mai Gondwe alituma neno kwa aliyeleta mfuko kwamba alikufa kwa uzee, amelala kwenye nyasi, na kovu lake lilikuwa limefunikwa na manyoya.

Wewe unayesoma, kama kwenu kuna farasi, niandikie mnamfunga nini mguuni na kwa nini. Nitajibu, hata ikinichukua mwezi. Na kama uko kwenye ile nchi ya baridi, na kanisani kwenu kuna mama wa Fizi mwenye futi shingoni, msomee haya taratibu, asubuhi, akiwa amekaa. Ukifika kwenye mikwaruzo, ngoja kidogo. Halafu niandikie alisema nini.